Nafasi ya Kusoma Konokono

Wawira Njoka alikuwa amekataliwa mara kumi na moja, na kukataliwa huko kulikuwa kumemfunza jambo moja: aliweza kujua barua ina nini kwa kusoma mstari wa kwanza peke yake. Ikianza kwa kumshukuru sana kwa maombi yake, imekwisha. Ikianza kwa kusema walioomba walikuwa wengi na wote wazuri, imekwisha pia. Alikuwa akiifunga, anashusha pumzi, anachukua chaki zake na kwenda darasani.

Alikuwa na miaka thelathini na mmoja na alifundisha baiolojia kwa mkataba katika chuo kidogo mjini Nyeri. Shahada yake ya uzamili aliipata miaka mitatu nyuma, kwa utafiti juu ya konokono wakubwa walioingia katika mashamba ya mpunga kule kwao Wang'uru, Mwea. Konokono wenyewe wana rangi ya matope, lakini mayai yao ni ya waridi, waridi ya kung'aa kama pipi, na huyataga kwa vishada kwenye mashina ya mpunga. Wageni wakiyaona husema ni maua. Mwenye shamba akiyaona hukunja suruali na kuingia majini.

Tangu amalize shahada hiyo alikuwa akitafuta nafasi ya uzamivu, na si nafasi yoyote, bali ile ya kulipiwa, kwa kuwa ya kujilipia hakuwa na ndoto nayo. Mama yake hakuliamini jambo hilo hata kidogo. Mama Ntinyari alikuwa muuza mchele, mjane, Mmeru aliyeolewa na Muembu wakahamia Mwea, na kwa sababu hiyo Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya nyumba yao.

"Ati wanakulipa ndiyo usome?" alimwuliza Wawira kila mara habari hiyo ilipozuka.

"Ndiyo, Mama. Huko PhD ni kazi. Wanakuandika, unapata mshahara kama mtu yeyote."

"Mtoto wa Koome pia aliambiwa ni kazi. Akaachwa uwanja wa ndege na begi yake. Hao ni matapeli, Wawira. Hakuna mtu wa kulipa mwingine asome."

Tangazo la kumi na mbili Wawira alilipata mwanzoni mwa mwezi wa tatu, katika orodha ya nafasi za utafiti iliyokuwa ikimjia kwenye simu kila Jumatatu. Chuo kikuu kimoja cha Uholanzi kilitaka mtu wa miaka minne, wa kuchunguza jinsi ya kupunguza konokono wageni mashambani bila sumu. Alilisoma amesimama kwenye foleni ya maandazi na akasahau kusogea, hata mtu wa nyuma yake akakohoa.

Jioni ile alifungua barua yake ya siku zote. Alikuwa na barua moja ya maombi, nzuri, imenyooka, na kila mara alibadilisha jina la chuo na la profesa. Mara moja alisahau kubadilisha, akawaandikia Wasweden kwamba tangu utotoni ndoto yake ilikuwa kusoma Ubelgiji. Safari hii alibadilisha majina kwa uangalifu, akajaza fomu, akafika mahali pa majina ya watu wawili wa kumshuhudia. Wa kwanza alikuwa mkuu wa idara chuoni. Wa pili alikuwa Daktari Murugi, mwalimu aliyemsimamia kwenye uzamili wake. Akabonyeza. Mtambo ukatuma ombi kwa anwani ya Daktari, na baada ya dakika moja ukarudisha jibu kwamba anwani hiyo haipo.

Daktari Murugi alikuwa amestaafu, na barua pepe yake ya chuo ilikuwa imestaafu naye. Simu yake iliita bila kupokewa. Basi Jumamosi Wawira akafunga kilo nne za mchele wa pishori na kwenda kumtafuta Naro Moru, ambako alisikia analima viazi.

Alimkuta shambani amevaa magambuti na koti la mvua, amepiga magoti kwenye tuta. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Simu yake, alieleza, ilikuwa kwenye ndoo ya mbegu, na ndoo ilikuwa mahali fulani.

"Wawira wa konokono!" alisema bila kusimama. "Shika hilo jembe. Tutaongea tukifika mwisho wa mstari."

Walipofika mwisho wa mstari waliingia jikoni, Daktari akanawa mikono, akavaa miwani, akaomba kuona barua ya maombi. Wawira akampa kompyuta. Daktari alisoma kwa sauti.

"'Mimi ni mtafiti mwenye bidii na shauku kubwa, ambaye tangu utotoni...' Huyu ni nani?"

"Ni mimi, Daktari."

"Hapana. Huyu namjua. Amekuwa akiniandikia tangu nianze kazi. Ana bidii, ana shauku, anaweza kufanya kazi peke yake na pia katika kundi." Akavua miwani. "Wewe unataka kujua nini?"

"Kujua nini wapi?"

"Kule mashambani. Miaka minne ni mingi, Wawira. Lazima kuwe na kitu kinakunyima raha."

Wawira alifikiri kidogo. Kitu kilikuwepo, ila hakuwahi kudhani ni cha kuandikwa kwenye barua. Alimweleza juu ya ndege. Kulikuwa na ndege weusi, warefu wa miguu, ambao midomo yao haifungi katikati. Zamani waliwaona mmoja mmoja, na tangu konokono wazidi, wakawa wanakuja makundi. Shamba la mama yake lilikuwa karibu na miti ambamo ndege hao hulala, na yeye aliona kama konokono wa hapo ni wachache kuliko wa mashamba ya mbali. Aliona kama. Hakuwa na hakika. Akaanza kueleza alivyokuwa akihesabu vishada vya mayai kila akienda nyumbani, bila mtu kumtuma, na alivyoandika hesabu hizo kwenye daftari la kanisa kwa kukosa jingine. Alieleza mpaka chai ikapoa.

Daktari Murugi alirudisha miwani machoni.

"Sasa andika hiyo," alisema. "Ulivyoniambia. Na huyo profesa wa tangazo, umesoma kazi zake?"

"Nimeona majina yake."

"Si majina nimeuliza."

Wawira alirudi Nyeri na gunia dogo la viazi, anwani mpya ya Daktari, na aibu kidogo. Wiki ile nzima, akitoka darasani, alisoma. Profesa mwenyewe alikuwa mwanamke, Annelies Visser, na alikuwa ameandika makala nne juu ya konokono wa mashamba ya mpunga ya Asia. Katika ya tatu, Wawira aliona mahali ambapo ndege walitajwa kwa sentensi moja tu, kisha wakaachwa. Akamwandikia Profesa barua fupi ya kuuliza kwa nini waliachwa. Aliituma amefumba macho.

Jibu lilikuja siku ya pili, mistari miwili: "Swali zuri. Hatukujua namna ya kuwahesabu. Tafadhali omba."

Alipiga kelele ya furaha mpaka mwenzake wa nyumba, Wendy, akatoka bafuni na sabuni kichwani.

"Umepata?"

"Bado! Nimejibiwa!"

"Haki wewe," alisema Wendy, lakini akacheza naye hivyo hivyo, povu likirukia viti.

Barua mpya ilikuwa ya ukurasa mmoja, na ndani yake hamkuwa na neno shauku. Ilikuwa na ndege, mayai ya waridi, daftari la kanisa na hesabu zake. Aliituma siku tatu kabla ya siku ya mwisho ya maombi. Mwezi ulipita. Siku moja katikati ya mwezi wa nne ikaja barua yenye mstari wa kwanza ambao hakuwa amewahi kuuona: wangependa kuzungumza naye Jumatano, saa tisa alasiri za Kenya, kwa njia ya video.

Jumatano hiyo hiyo kampuni ya umeme ilikuwa imetangaza kwamba mtaa wake utakosa stima kutwa. Chuoni mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Wawira akaomba ruhusa na kwenda Wang'uru, ambako stima ilikuwepo na mtandao wa simu ulikuwa na nguvu, hasa kwenye meza ya chumba cha mbele, karibu na dirisha.

Mama Ntinyari alilipokea jambo hilo kwa shangwe ya askari aliyepata mshukiwa. "Vizuri," alisema. "Wacha wakuje. Nataka kuwaona."

"Mama, tafadhali. Wewe kaa kwa duka mpaka nikuite."

"Nitakaa."

Saa tisa kamili nyuso tatu zikatokea kwenye kioo: Profesa Visser, mwenye nywele nyeupe, kijana mmoja aliyekuwa akiandika, na mwanamume mrefu mwenye ndevu, Daktari Bakker. Waliuliza juu ya uzamili wake, akajibu. Waliuliza juu ya takwimu, akajibu kwa kujikwaa. Kisha Profesa akauliza juu ya konokono wenyewe, na Wawira, aliyekuwa ameweka tayari shina la mpunga ndani ya chupa ya maji, akaliinua mbele ya kamera. Wote watatu waliinama kuangalia mayai. Hapo ulimi wake ukafunguka.

Ndipo Bakker alipouliza swali lake. Alijuaje kwamba ndege ndio waliopunguza konokono? Je, kama shamba lile lilikuwa na maji machache tu, au udongo mwingine, na ndege walikuwepo kwa sababu ya miti?

Wawira aliiweka chini ile chupa ya shina. Yule mtu wa barua ya zamani angekuwa na la kusema hapo, maneno mengi yenye kumetameta. Wawira hakuwa nayo.

"Sijui," alisema. "Kwa hesabu nilizo nazo, siwezi kujua." Akasikia sauti yake ikiendelea. "Lakini ningeweza kujua. Ningefunika vipande vya shamba moja kwa wavu, ndege wasiingie, na vingine niviache wazi. Maji yale yale, udongo ule ule. Kisha ningehesabu msimu mzima. Wavu tunao, ule wa kufukuzia ndege wa nafaka. Mama yangu anao."

Bakker akaandika kitu. Profesa akatabasamu. Na wakati huo huo mlango ukafunguka, kwa kuwa katika Kiingereza chote kile Mama Ntinyari alikuwa amedaka "mother" kupitia dirisha linalotazama duka, na kwake huko kulikuwa kuitwa. Aliingia na leso yake kiunoni na unga wa mchele mikononi, akasimama nyuma ya kiti cha bintiye, akainama mpaka uso wake ukajaza kioo.

"Hamjambo," alisema. "Mimi ni mama yake. Nataka kuuliza kitu moja. Hii kazi ni ya ukweli? Mnamlipa?"

Wawira alitamani sakafu ipasuke. Alifungua mdomo atafsiri, au aombe msamaha, hakujua lipi. Lakini yule Bakker mwenye ndevu alikuwa amejiweka sawa kwenye kiti.

"Shikamoo, mama," alisema kwa Kiswahili.

Katika miaka yake hamsini na minane, Mama Ntinyari hakuwa ameamkiwa hivyo na mtu yeyote. Maneno hayo aliyajua kutoka redioni. Alisimama wima, akajifuta mikono kwenye leso.

"Marahaba," alisema polepole.

"Niliishi Morogoro miaka sita," alisema Bakker. "Ndiyo, mama, kazi ni ya kweli. Atakayeipata analipwa mshahara kila mwezi. Ni mfanyakazi wetu."

"Na mnamrudisha?"

"Konokono wako huko kwenu, mama. Akikaa huku atachunguza nini?"

Mama Ntinyari alitafakari jibu hilo, akaliona halina kasoro. "Haya," alisema. "Endeleeni." Akatoka na kufunga mlango kwa adabu kubwa, na kule nje Wawira akamsikia akimwambia jirani, "Ni watu. Mmoja amenishikamoo."

Wiki mbili baadaye, Alhamisi, kati ya kipindi cha tatu na cha nne, simu ya Wawira ililia. Barua kutoka kwa Profesa Visser. Alisoma mstari wa kwanza: "Ninasikitika kukuarifu kwamba nafasi hii tumempa mwombaji mwingine."

Akaifunga. Akachukua chaki zake, akaenda kufundisha usanisinuru kwa sauti ambayo wanafunzi walisema baadaye ilikuwa ya kawaida kabisa.

Jioni alimwambia Wendy, na Wendy akampikia chapati. Mama yake alipopiga simu, Wawira alimweleza kwa kifupi. Alitarajia kuambiwa kwamba alionywa. Badala yake Mama Ntinyari alisema kwa uchungu, "Lakini yule wa Morogoro alikuwa mtu mzuri." Ijumaa ikapita, Jumamosi akafua nguo zote, hata zilizo safi.

Jumatatu saa nne, akiwa kwenye ujia wa madarasa, simu iliita. Ilikuwa ni Daktari Murugi, na sauti yake ilifika kabla ya simu kufika sikioni.

"Wewe msichana, mbona hujibu watu?"

"Watu gani, Daktari?"

"Huyo Bakker ameniandikia leo asubuhi. Anauliza kama barua zinakufikia, ama umepata kazi kwingine. Anasema walikutumia Alhamisi na umenyamaza kabisa."

"Nilipata, Daktari. Walinikataa."

Upande wa pili walisikika kuku.

"Wawira. Uliisoma yote?"

"Nilisoma..." Akasita. "Nilisoma mwanzo."

"Kata simu," alisema Daktari Murugi. "Kata simu, ufungue hiyo barua, usome mpaka mahali ameweka jina lake. Kisha unipigie. Nimekaa hapa kwa ndoo, sitoki."

Wawira aliifungua barua, unga wa chaki wa vidoleni ukiacha alama kwenye kioo. Mstari wa kwanza ulikuwa pale pale. Chini yake kulikuwa na wa pili. Nafasi ile ilikuwa imekwenda kwa mtu aliyebobea zaidi katika takwimu. Lakini Daktari Bakker alikuwa na mradi wake mwingine, pamoja na chuo kikuu kimoja cha Kenya, juu ya ndege na viumbe waharibifu wa mashamba ya mpunga, na fedha zake zilikuwa zimethibitishwa mwezi uliopita. Walikuwa hawajamtangazia mtu. Jaribio la wavu lilikuwa ndilo hasa walilolikosa. Miaka minne, mshahara kamili, miezi tisa ya masomo Uholanzi na iliyobaki yote Mwea. Je, angekubali? Wangefurahi kupata jibu lake kabla ya Jumatano.

Alisoma mpaka jina. Akasoma tena. Kisha akaketi chini pale pale kwenye sakafu ya ujia, sketi yake safi na yote, akacheka. Wanafunzi wawili waliokuwa wakipita walikimbia kumwinua, wakidhani mwalimu ameanguka.

"Niko sawa," aliwaambia, machozi yakimtiririka. "Niko sawa kabisa. Kuna barua hapa ndefu."

Jibu aliliandika akiwa bado chini. Lilikuwa na neno moja na alama tatu za mshangao. Baadaye alilifuata na jingine la adabu zaidi. Alipompigia Daktari Murugi alimsomea barua yote mpaka jina. Daktari alipiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika. Mama Ntinyari aliposikia, alifunga duka saa tano asubuhi, jambo ambalo alikuwa amelifanya mara moja tu, siku ya kumzika mumewe, akapita kwa wauza mchele wote wa barabara ile mmoja mmoja. Kwa kila mmoja alieleza mradi wote tangu mwanzo, na kufikia yule wa mwisho alikuwa ameshajifunza kusema "jaribio la wavu" bila kusita.

Jumapili moja mwezi wa saba walikusanyika Wang'uru. Daktari Murugi aliteremka na gunia la viazi na viatu vipya, akasalimiana na Mama Ntinyari kwa kukumbatiana kama watu waliosoma darasa moja. Walikula kuku na pishori, mchungaji wao akaomba kwa ufupi, na kabla ya chai Daktari alikuwa ameshavua viatu vile vipya na kuingia kwenye jaruba mpaka magotini, akiuliza maswali. Mama Ntinyari alisimama kwenye tuta akimjibu, tena kwa mamlaka ya mtu anayelijua shamba lake.

Mwishoni mwa mwezi wa nane Mama Ntinyari alikwenda Nyeri kumsaidia binti yake kununua koti la baridi, kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba Uholanzi maji ya mifereji huganda. Walizunguka vibanda vya mitumba asubuhi nzima. Wawira alijaribu la kijivu, mama akasema linamfanya mgonjwa. Akajaribu la bluu, mama akalipima kitambaa kwa vidole, akaligeuza, akasema hilo ni la kuogopesha mvua tu. Mwishowe muuzaji akafukua chini ya rundo na kutoa koti zito, jekundu, refu hadi vifundoni, lenye kofia ya manyoya.

"Hebu nione kama ni zito kweli," alisema Mama Ntinyari, akalivaa mwenyewe. Akafunga vifungo vyote. Akavuta kofia kichwani, akageuka huku na huku, akajitazama katika kipande cha kioo kilichoning'inia kwenye nguzo.

"Mama, ni langu hilo."

"Ngoja kwanza nilisikie."

Alilisikia vibandani pote, na barabarani, na kwenye hoteli walikoketi kula githeri, huku jua la saa saba likiwaka na jasho likimshuka usoni. Alipoulizwa na mhudumu kama ana homa, alisema hapana, yuko sawa, aletewe chai ya moto.